Mchoro Uwe Mali ya Mchoraji

Miongoni mwa mafundi, wanafunzi wa uhandisi na wachoraji wa ramani za nyumba waliohamia mfumo wa Linux, ama kwa sababu kompyuta zao zimezeeka na hazistahimili tena uzito wa Windows mpya, ama kwa sababu wamechoshwa na leseni wasizoweza kuzilipia, swali linalotangulia mengine ni hili: ni programu gani ya bure itakayoniwezesha kuchora kama nilivyokuwa nikichora kwa AutoCAD? Swali lina haki ya kuulizwa, na mwenye kuliuliza aghalabu ana kazi mkononi na mteja anamngoja. Lakini kwa jinsi lilivyoundwa linamwelekeza kwenye jibu dhaifu, maana linamfanya atafute sura aliyoizoea kabla ya kutafuta chombo kinachoifaa kazi yake, na linamsahaulisha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza kutazamwa, yaani nani atakayekuwa na amri juu ya michoro yake baada ya miaka kumi.

Uchoraji kwa kompyuta una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, aliwasilisha tasnifu iliyoeleza programu aliyoiita Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kushika kalamu ya nuru, kuchora mstari juu ya kioo cha kompyuta iitwayo TX-2, kisha kuiamuru mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu mmoja, nayo ikatii. Elimu hiyo ilikaa kwa miaka mingi mikononi mwa viwanda vikubwa vya ndege na magari, kwa kuwa mashine zake zilikuwa ghali mno, mpaka mwishoni mwa mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ilipoanza kuuza AutoCAD kwa ajili ya kompyuta ndogo za mezani, ikaifikisha kwa mhandisi wa kawaida. Katika zama zake za mwanzo AutoCAD ilikuwa na matoleo ya mifumo ya Unix, ambayo Linux inafuata usuli wake. Lakini katika miaka ya 1990 matoleo hayo yaliachwa, na tangu hapo mwenye Linux hana AutoCAD iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine yake. Mwaka 2016 kampuni ikaacha pia kuuza leseni mpya za kudumu, ikawa kila mtumiaji sharti alipie kwa muda, na muda ukiisha bila ya malipo programu haimfanyii kazi.

Matokeo ya bei hiyo tunayaona katika miji yetu. Nakala zilizovunjwa kufuli hupita kutoka mkono hadi mkono katika flashi, nyingine zikiwa na virusi ndani yake, na kijana anayeanza masomo ya ufundi hujifunza kwa pamoja kuchora mstari na kuiba chombo cha kuuchorea. Simlaumu kijana huyo kwa ukali, maana ada ya mwaka mmoja ya programu yaweza kuzidi thamani ya kompyuta yote anayoitumia. Lakini naona ni dhulma kumwacha aanze kazi ya heshima kwa jambo la kuficha, ilhali ipo njia ya halali ambayo hakuna aliyejitaabisha kumwonyesha.

Hata hivyo ipo hadhari ambayo lazima itangulie, kwa sababu mtu asiyelipa leo hajapewa ahadi yoyote juu ya kesho. Kampuni ya Ufaransa, Dassault Systèmes, iliwahi kutoa programu iitwayo DraftSight bila malipo, hata kwa watu wa Linux, nayo ilisoma na kuandika mafaili ya DWG, yaani yale ya AutoCAD, kwa uhodari. Wengi wakaihamia, wakaifanya kuwa chombo chao cha kila siku. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba toleo la bure limefika mwisho wake, na kwamba nakala zilizokwisha kusakinishwa hazitafunguka baada ya tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Mwaka uliofuata Autodesk nayo ikapunguza haki za wanaotumia Fusion 360 bila malipo kwa kazi binafsi, ikawawekea kikomo cha mafaili 10 yanayoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Onshape, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari na kwa hiyo hufunguka vyema katika Linux, humpa mtu akaunti bila malipo kwa sharti kwamba michoro yake iwe wazi kwa umma, na fauka ya hayo michoro hiyo hukaa katika seva za kampuni. Kampuni hizi hazikumdhulumu mtu kisheria, kwa kuwa mwenye kutoa hidaya ana hiari ya kuikatisha. Aliyepata hasara ni yule aliyeisimamisha riziki yake juu ya hidaya ya mwingine.

Programu huria zina msingi wa namna nyingine, na watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali ili waufahamu, maana wanaujua wakfu. Mtu akiweka kisima wakfu, yeye mwenyewe hawezi tena kukiuza, warithi wake hawawezi kukigawana, na anayekuja baadaye kukichimba zaidi au kukijengea ukuta huongeza manufaa ya wote bila ya kukifanya chake. Leseni iitwayo GPL, ambayo imetokana na juhudi alizozianza Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983, imetungwa kwa nia iliyo karibu sana na hiyo: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, hata ya biashara, ya kuusoma msimbo wake na kuubadili, ya kuinakili na kumpa jirani, na anayeigawa baada ya kuibadili analazimika kuwapa wapokeaji uhuru uleule alioupata yeye. Faida ya msingi wa namna hiyo ilidhihirika karibuni. Mwaka 2023 iliundwa kampuni iitwayo Ondsel, kwa madhumuni ya kufanya biashara juu ya programu huria ya FreeCAD, na kabla ya mwaka 2024 kwisha kampuni ikafungwa kwa kukosa mapato. Lakini kazi iliyofanywa na watu wake, hasa ile ya kuunganisha vipande vya mashine pamoja, ilikwisha kuingia katika FreeCAD yenyewe, nayo inatumika hadi leo na watu ambao hawakuwahi hata kulisikia jina la kampuni hiyo. Linganisheni hatima hiyo na ile ya DraftSight ya bure, kisha kila mtu aamue ni ipi angependa kuikabidhi michoro yake.

Baada ya hapo ndipo huja swali la kazi yenyewe, na katika hilo mgawanyo mkubwa ni mmoja tu: je, unachora vitu bapa vya kuchapwa katika karatasi, au unaunda maumbo yenye pande tatu? Fundi wa madirisha na mageti, mchoraji wa ramani ya nyumba ya familia, mpimaji anayetaka mchoro wa kiwanja, na mwalimu wa hisabati anayetayarisha mtihani, hao wote kazi yao ni bapa, na kwao nasema bila ya kusitasita kwamba waanze na LibreCAD. Programu hii ina nasaba njema: mwaka 1999 Andrew Mustun wa Uswisi alianza kuunda programu iitwayo QCAD, akaliachilia toleo lake moja chini ya leseni ya GPL, na kutoka katika toleo hilo watu wengine wakaikuza LibreCAD mnamo miaka ya 2010 na 2011, wakati QCAD yenyewe ikiendelea na njia yake. Ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta ambayo wengine wangeitupa huiendesha bila ya kulalamika.

Mtu aliyeizoea AutoCAD ya miaka iliyopita ataifahamu upesi, kwa kuwa ina tabaka za kutenganisha kuta na nyaya za umeme na mabomba ya maji. Ina namna ya kuunasa ncha ya mstari, katikati yake au makutano yake, ili pasiwe na kipimo cha kukisia. Na amri zake zaweza kuandikwa kwa herufi chache katika kibodi badala ya kutafutwa kwa kipanya. Chukua mathalani geti la chuma lenye upana wa mita 3.5 na mbawa mbili. Fundi anachora ubawa mmoja kwa vipimo vyake halisi, anachora nondo moja na kuiamuru ijirudie kwa nafasi sawa, kisha anaugeuza ubawa huo kama unavyoonekana katika kioo na kuupata wa pili. Wakati wa kuchapa anachagua skeli ya 1:20, na geti zima linachukua milimita 175 katika karatasi ya A4 ambayo upana wake ni milimita 210. Mteja anaona atakachopata, fundi anahesabu chuma atakachonunua, na ugomvi mwingi unaozuka siku ya kufunga geti huwa umekwisha mezani kabla ya chuma kukatwa.

Wanaoikataa LibreCAD aghalabu huikataa kwa sababu ya DWG, nami nakiri kwamba hapo pana taabu ya kweli. DWG ni umbo la faili la Autodesk, ambalo tafsili zake kampuni haikuzitangaza, na ambalo limebadilishwa mara nyingi. Hata kampuni zinazoshindana nayo zililazimika mwaka 1998 kuungana katika jumuiya ambayo leo huitwa Open Design Alliance, ili zishirikiane kulichunguza na kulifumbua. LibreCAD inaweza kuyafungua baadhi ya mafaili ya DWG, si yote, na inapohifadhi huhifadhi kwa DXF, umbo ambalo Autodesk yenyewe ililitangaza tangu mwanzo kwa ajili ya kupelekeana michoro baina ya programu mbalimbali. Kwa hiyo mteja akileta DWG, aombwe kwa upole aihifadhi kuwa DXF, jambo linalomchukua muda mfupi kuliko kusalimiana. Na fundi ambaye wateja wake hawakubali ombi hilo abadan, anaweza kununua QCAD ya kitaalamu, ambayo ina toleo la Linux na inasoma na kuandika DWG. Simkatazi, kwa kuwa msingi wa QCAD ni huria na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile aliyoikimbia.

Kwa wenye kuunda maumbo, jibu langu ni FreeCAD, na hapa inanipasa kukaa kidogo, maana hakuna programu huria ya fani hii iliyosifiwa na kulaumiwa kwa pamoja kama hii. Ilianza kutolewa mwaka 2002 kwa juhudi za Jürgen Riegel na Werner Mayer, akaungana nao baadaye msanifu majengo Yorik van Havre, na ilikaa chini ya namba ya toleo la kwanza kamili kwa miaka 22, mpaka mwezi wa Novemba 2024 toleo la 1.0 lilipotolewa. Kiini chake cha jiometria kinaitwa Open CASCADE, nacho kilitungwa na kampuni ya Ufaransa, Matra Datavision, iliyokitoa wazi kwa umma mwaka 1999. Na lugha ya Python imesukwa ndani ya programu nzima, hata mtu mwenye maarifa ya kuandika msimbo anaweza kuifundisha kazi mpya.

Ubora wake mkubwa ni kwamba haihifadhi umbo tu, huhifadhi pia njia ya kulifikia umbo hilo. Tuseme fundi wa mashine za kupukuchua mahindi anataka kitako cha mota. Anachora mstatili juu ya bamba la msingi bila ya kujali ukubwa wake, kisha anauwekea masharti moja moja: upande huu uwe milimita 200, ule uwe 150, matundu manne ya bolti yawe na kipenyo cha milimita 11 ili bolti ya milimita 10 ipite kwa nafasi, na umbali baina ya matundu uwe hivi na hivi, na pale masharti yanapokuwa yametosha, mistari yote hubadilika rangi kuwa ya kijani, ishara kwamba hakuna kilichobaki cha kuyumba. Halafu anakipa kitako unene wa milimita 8, anaongeza mbavu za kukitia nguvu, na kwa chombo kingine cha programu hiyohiyo anatoa karatasi ya karakana yenye sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni pamoja na vipimo vyote. Wiki ijayo mteja anakuja na mota nyingine ambayo matundu yake yamekaa mbali zaidi. Katika uchoraji bapa kazi ingeanza upya; katika FreeCAD anaibadilisha tarakimu moja, na kitako, mbavu na karatasi ya karakana vyote huifuata. Wazo hilo ndilo lile la Sutherland la kuiamuru mistari, nalo leo lapatikana bila malipo katika kompyuta iliyonunuliwa mkono wa pili.

Lawama zake nazo zilikuwa na haki, na mwenye kuinasihi jamaa yake aitumie asimfiche. Kwa miaka mingi FreeCAD iliyajua maumbo kwa kuzihesabu nyuso zake, ikawa fundi akirudi nyuma kuongeza tundu, programu huzihesabu upya, uso uliokuwa wa sita huwa wa nane, na kila kilichokuwa kimejengwa juu ya uso wa sita huhamia pasipo mahali pake au huvunjika kabisa. Watu wengi walikata tamaa nayo kwa ajili ya jambo hilo moja, wakaenda zao wakiwa na hasira, na sifa mbaya waliyoiacha ingali inatembea. Mtengenezaji mmoja anayejulikana kwa jina la realthunder alilishughulikia tatizo hilo kwa miaka katika tawi lake mwenyewe la programu, na kazi yake ndiyo iliyopokelewa na kuingizwa katika toleo la 1.0, ambapo ugonjwa umepungua sana ingawa haukwisha wote. Hata leo nashauri michoro iegemezwe juu ya mabamba ya msingi kuliko juu ya nyuso za umbo, maana desturi hiyo humwepushia mtu taabu katika programu yoyote ya namna hii. Udhaifu mwingine ni wa kiini chenyewe: kuviringa pembe za umbo lenye mikunjo mingi hushindikana mara kwa mara pale ambapo programu za gharama kubwa zingefaulu, na fundi hulazimika kutafuta njia nyingine ya kuufikia mviringo huo. Tena kujifunza kwake kunataka subira. Vyombo vimegawanywa katika meza za kazi nyingi, na mgeni hupotea kabla ya kutambua kwamba kwa miezi ya kwanza meza mbili au tatu zinamtosha.

Pamoja na hayo yote, FreeCAD ina hali moja inayonifanya niipe daraja la juu kuliko wenzake. Faili lake la kuhifadhia kazi ni furushi la kawaida la zip, ambalo ndani yake mna maandishi na maumbo yaliyopangwa kwa utaratibu uliotangazwa, kiasi kwamba lau programu yote ingetoweka duniani, mtu mwenye elimu ya kompyuta angeweza kulifungua na kuiokoa kazi iliyomo. Aidha husoma na kuandika STEP, umbo la kimataifa ambalo viwanda vingi vya kukata na kuchonga chuma hulipokea, na IFC ambalo ni la watu wa majengo. Mchoro uliohifadhiwa hivyo hauko chini ya rehema ya mtu yeyote.

Zipo nyingine ambazo nitazipitia upesi. OpenSCAD haichorwi kwa kipanya. Umbo huandikwa kwa maneno na hesabu, toa silinda katika mchemraba, rudia mara sita kuzunguka duara, na wenye akili ya hisabati huipenda, hasa kwa vitu vya kuchapwa kwa mashine ya pande tatu. Faili lake ni maandishi matupu yanayoweza kutumwa hata kwa ujumbe wa simu, na mwalimu wa sekondari angepata ndani yake darasa zima la jiometria. SolveSpace, aliyoitunga Jonathan Westhues na kuiweka chini ya GPL mwaka 2013, ni ndogo mno kwa ukubwa na nyepesi kwa mashine dhaifu, nayo humfundisha mtu uchoraji wa masharti bila ya kumzungushia vyombo vingi. BRL-CAD ni mkongwe wao: ilianzishwa mwaka 1979 na Mike Muuss katika maabara ya jeshi la Marekani, ikaachwa huria mwaka 2004, lakini sioni sababu ya kumpeleka huko fundi wa kawaida. Wanaotengeneza mabamba ya umeme wachukue KiCad na wasihangaike na mashauri mengine. Na Blender, ambayo ni fahari ya programu huria kwa picha na filamu, isichukuliwe kuwa ya kazi hii kwa sababu tu inaonyesha maumbo mazuri; imeundwa kwa ajili ya jicho, na anayetaka kipimo cha kumpelekea mkata chuma atahangaika nayo bure.

Neno juu ya kusakinisha, kwa sababu wengi huharibikiwa hapo kisha huilaumu programu. Kila mfumo wa Linux una ghala lake la programu, na desturi njema ni kuchukua humo. Lakini maghala mengine huthamini uthabiti kuliko upya. Debian 12 iliyotoka mwaka 2023, kwa mfano, humpa mtu FreeCAD 0.20, yaani toleo lenye ule ugonjwa wa nyuso niliouelezea, na mwenye kuijaribu hapo huondoka akiamini kwamba hakuna kilichotengenezwa. Bora aende kwa wenye FreeCAD wenyewe, apakue faili moja la AppImage, alipatie ruhusa ya kuendeshwa, na kulifungua bila ya kugusa kitu kingine katika mfumo wake. Faili hilo lina mamia ya megabaiti, na kwa anayenunua intaneti kwa vifurushi hiyo ni gharama ya kuhesabiwa; ila hapa leseni inaleta baraka yake, kwani mtu mmoja mwenye mtandao mzuri aweza kulipakua, kuliweka katika flashi na kuwapa darasa zima, naye atakuwa ametenda jambo lililoruhusiwa waziwazi. Kwa LibreCAD kompyuta yoyote inayowaka inatosha. Kwa FreeCAD nisingependa kumbukumbu iwe chini ya gigabaiti 8, ingawa kadi ya picha ya anasa haihitajiki kwa kazi za karakana.

Nitaambiwa kwamba ofisi zinataka AutoCAD na Revit, ile programu ya majengo, na kwamba kijana aliyefunzwa FreeCAD hatapata ajira. Hoja hiyo ina uzito, wala siitupi. Katika ofisi kubwa za wasanifu, ambapo wahandisi wengi hushirikiana juu ya jengo moja, programu huria hazijafika pale zilipofika zile za kulipiwa, na anayetamani ajira ya huko ajifunze chombo cha huko, kwa leseni ya wanafunzi ambayo Autodesk huitoa bila malipo kwa walio masomoni. Lakini tazama ni wangapi kati ya wanaomaliza vyuo vya ufundi huishia katika ofisi hizo, na wangapi hufungua karakana zao wenyewe za chuma, mbao na alumini, au huajiriwa na watu wenye karakana za namna hiyo. Siku kijana huyo anapomaliza masomo, haki yake ya leseni ya wanafunzi nayo inakwisha, na chombo pekee alichofundishwa kinamgeukia kuwa kitu asichoweza kukilipia. Ndipo anaporudi kwenye nakala ya kuibiwa, kwa sababu mwalimu wake hakumpa njia nyingine. Chuo kinachofundisha kanuni za uchoraji kwa LibreCAD na FreeCAD, kisha kikawapitisha wanafunzi katika AutoCAD kwa muhula mmoja, humtoa mtu anayeweza kuingia ofisini na anayeweza pia kusimama peke yake.

Wala isidhaniwe kwamba kazi ya kuzileta programu huria karibu na watu wetu ni ngeni kwetu. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu waliichukua programu huria ya ofisi, OpenOffice, wakaitafsiri na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, wakati ambapo programu nyingi za kulipiwa hazikuwa na neno hata moja la Kiswahili. Hawakuhitaji idhini ya mwenye mali, kwa kuwa leseni ilikwisha kuwapa. Lililowezekana kwa barua na hesabu za ofisi linawezekana kwa miongozo ya uchoraji: walimu wa ufundi wakae pamoja, waandike kwa Kiswahili masomo ya kwanza ya FreeCAD, kwa mifano ya vitu ambavyo mwanafunzi huviona karakanani, geti, kitako cha mota, meza ya darasa, na wayaache masomo hayo huria kama programu yenyewe.

Kwa fundi aliye peke yake ushauri wangu ni kwamba achukue kazi aliyokwisha kuifanya na kulipwa, ambayo vipimo vyake anavijua kwa yakini, aichore upya kwa LibreCAD au FreeCAD bila ya haraka ya mteja, kisha aitoe kwa DXF au STEP na kuifungua katika programu nyingine ili aone kama imefika salama. Na ofisi zinazoagiza michoro, za serikali na za watu binafsi, zingeweza kuanza kwa jambo lisilogharimu senti: katika barua ya kuagiza kazi, baada ya kutaja DWG kama zilivyozoea, ziandike kwamba DXF itapokelewa kwa michoro bapa, STEP kwa vipande vya mashine, na IFC kwa majengo, kwa sababu wapo mafundi walio tayari kuifanya kazi hiyo kwa vyombo vya halali, ambao leo huzuiwa na mstari huo mmoja wa masharti.